Maili za Kwenda Maretadu

Wiki niliyorudisha funguo za lori, vijana wa gereji walininunulia chai, kisha wakaniuliza swali ambalo madereva huulizana wakiwa wameshiba: dereva wa safari ndefu anaweza kutembea maili ngapi kwa siku? Mmoja alisema mia tatu. Mwingine, ambaye shati lake halijawahi kuonana na vumbi, akasema mia nne. Mimi nikanywa chai yangu. Nilipojibu kwamba inategemea, walicheka, wakasema mzee ameanza. Basi naandika hapa ile sehemu ambayo hawakungoja kuisikia. Nitatumia maili, kwa sababu miaka ninayoisema ilikuwa ya Mwingereza na barabara zilipimwa kwa maili. Anayetaka kilomita apige hesabu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Daudi, kule juu Mbulu. Kazi ya magari niliianza kwa kusukuma. Lori lilikuwa limekwama kwenye tope karibu na kwetu, tukaitwa vijana wote wa pale, tukalisukuma mpaka likatoka likitutemea udongo. Wenzangu walirudi shambani. Mimi nilirukia nyuma, nikakaa juu ya magunia, na dereva hakujua mpaka tulipofika Mbulu mjini. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mfupi, mwenye kofia nyeupe isiyoshika vumbi kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa. Aliitwa Mzee Ramadhani. Alinitazama, nikiwa na tope mpaka masikioni.

"Nani amekupakia?"

"Nimejipakia mwenyewe. Shikamoo."

"Marahaba. Basi jishushe, halafu ushushe na magunia."

Nikashusha. Sikuandikishwa popote zaidi ya hapo. Kesho yake aliponikuta nimelala chini ya lori alinipa kikombe cha uji, akaniambia gari lile lilikuwa la Mama Zuhura wa Dongobesh na kwamba kuanzia siku ile Mama Zuhura angenigombeza na mimi.

Ilikuwa kweli. Mama Zuhura alikuwa mjane aliyeachiwa na mumewe duka, ghala na lori moja, na wanaume wengi wa Dongobesh walikuwa wakingoja avishindwe vyote vitatu. Hakushindwa hata kimoja. Baba yake alitoka Singida, mama yake Kondoa, na yeye alizaliwa palepale sokoni. Aliongea na sisi Kiswahili, na wateja Kiiraqw, na alipokasirika sana alihamia Kirangi ili Mzee Ramadhani peke yake aelewe.

Kazi ya utingo, yaani msaidizi wa dereva, siku zile ilikuwa gogo. Lori lilipopanda ukuta wa Dareda likiwa na mzigo, nilikimbia nyuma yake nimekumbatia kipande cha mti mgumu, na kila injini ilipokata pumzi nilikitupa nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi lilikotoka. Breki zilikuwepo, lakini zilikuwa za kutupa moyo tu. Mlima ule nimeupanda kwa miguu mara nyingi kuliko mbuzi wa Dareda. Kwa hiyo nikiulizwa nimetembea maili ngapi maishani, kwanza nauliza: kwa gari au nyuma ya gari?

Vifaa vyetu vilikuwa jeki, shoka, koleo, madebe ya maji, waya, na mkanda mrefu wa ngozi mbichi ya ng'ombe ambao Mzee Ramadhani aliutunza kama watu wanavyotunza nguo ya sikukuu. Springi ikikatika, ngozi ile ililowekwa, ikafungwa kwa kukazwa, na ikikauka ilibana kuliko chuma. Ilikuwepo hendeli pia, ile ya kuwashia injini kwa mkono. Hendeli haikuwa na urafiki. Ukiishika vibaya ilikurudisha nyuma na kukuvunja mkono, na mtu aliyevunjwa na hendeli hakuhurumiwa, alichekwa.

Mzee Ramadhani hakuhesabu safari kwa maili. Alihesabu kwa maji, kutoka kijito mpaka kijito, kwa sababu rejeta ilichemka na kutaka kunywa. "Maili hainywi," aliniambia. "Linalokunywa ni lori." Nilidhani ni uzee. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, nami nilikuwa nikiulizwa umbali wa mahali nawajibu watu kwa vijito.

Babati alikuwepo dereva mwingine, Sefu, kijana mtanashati, aliyesema kila mara kwamba yeye ni maili mia na hamsini kwa siku, na siku akiwa na hamu, mia mbili. Tulimpenda sana Sefu. Tulimkuta mara kwa mara njiani, miguu yake ikiwa imetokeza chini ya gari, nasi tulimwuliza kama zile mia mbili zimebaki ngapi. Alijibu akiwa kulekule chini kwamba anapumzika.

Hesabu ya kweli nitawapa, muipeleke gereji. Kiangazi, kwenye barabara kuu kati ya Babati na Arusha, lori limebeba na umetoka na jogoo: maili mia, na ufike ukiwa na meno yako yote. Kwetu juu, Mbulu na Dongobesh na Daudi, penye kona na miteremko: arobaini, na una haki ya kujisifu. Tambarare za Hanang, ukishapita Gitting unakwenda Katesh, kiangazi ni raha, gari linakwenda lenyewe. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unakupa maili tatu, na mbili kati ya hizo ni za kwenda pembeni.

Huko Katesh tulikwama mara moja mpaka ekseli. Mzee mmoja wa Kimang'ati alikuja na ng'ombe zake, akasimama na mkuki wake, akatuangalia tunavyochimba. Baada ya muda mrefu akasema, "Ng'ombe wenu amelala. Wetu akilala hivi tunamchinja." Kisha akawaita vijana wake, wakavua mashuka, wakatusaidia mpaka tukatoka. Tulimpa chumvi, akailamba pale pale, akasema gari ni mnyama mjinga lakini ana tabia nzuri ya kubeba chumvi.

Vita vya pili vilikwisha, macho ya Mzee Ramadhani yakaanza kuona vijito viwili mahali penye kimoja, naye mwenyewe akamwambia Mama Zuhura usukani nipewe mimi. Alihamia barazani kwa duka, akawa anasikiliza lori linavyorudi na kuniambia nini kimelegea kabla sijazima injini. Utingo wangu alikuwa Hassani, mtu mzima wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh, mwenye mikono mikubwa na maneno mengi. Na mimi ndipo nikaanza kupakia maharage Maretadu, na hapo ndipo habari yangu inapoanza hasa.

Paulina alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, pembeni ya mahali tulipopakia. Siku ya kwanza aliniambia, "Gunia hilo usilikanyage. Ni chakula."

"Sijalikanyaga."

"Ulitaka. Nimeuona mguu."

Nilipakia magunia yote yaliyobaki bila kuinua macho. Safari iliyofuata nilivaa shati safi, jambo ambalo kwa dereva ni tangazo. Hassani aliliona, akalitangaza mpaka Katesh. Na mimi sikukana, kwa sababu nilimpenda yule binti tangu neno la mguu, na nililijua hilo kabla sijafika Dongobesh siku ile ile.

Wazee wa ukoo wangu walikwenda kwa baba yake, Mzee Tluway, kupeleka neno. Walirudi wamekunywa vizuri lakini nyuso zimenyooka. Mzee Tluway alikuwa amesema hana neno na ukoo wetu. Neno lake lilikuwa gari. Tena ndugu yake mkubwa, Mzee Gwandu, alikuwa amesimama kabisa mbele ya watu akasema dereva hapana. Alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma dereva mmoja alimposa binti yake, akanywa pombe ya wazee, akasema anapeleka mzigo mara moja na wiki ijayo atarudi. Wiki hiyo haijafika mpaka leo.

"Mtu asiyejua atakuwa wapi siku fulani," Mzee Tluway aliwaambia wazee wangu, "binti yangu atamtafuta wapi? Mwambieni ataje siku moja. Aende huko Arusha kwake, arudi, awe Maretadu siku hiyo aliyoitaja. Akifika siku hiyo tutazungumza mambo ya ndoa. Akifika siku nyingine, asalimie tu apite."

Nilikaa barazani na Mzee Ramadhani nikihesabu. Sefu, aliyekuwa amepita kuleta mafuta ya taa, alinisaidia kwa sauti kubwa: maili mia na hamsini kwa siku, kwenda na kurudi, utakuwa Maretadu kabla hujaondoka. Mzee Ramadhani alingoja amalize.

"Hesabu siku zako za kawaida," akaniambia. "Ukimaliza, ongeza siku moja ya springi na siku moja ya Mungu."

"Na kama springi haikatiki?"

"Basi utafika mapema, utalala. Hakuna mke aliyekosekana kwa sababu mtu alilala njiani karibu na kwao."

Nilihesabu hivyo. Nikataja siku ya pili baada ya mnada wa Dongobesh, maana mnada kila mtu anaujua na hakuna wa kubishana nao. Neno likapelekwa, likakubaliwa. Mzee Gwandu alisema ataikumbuka siku hiyo yeye mwenyewe, na waliokuwepo waliniambia hakusema kwa wema.

Kwenda Arusha kulikuwa kuzuri mpaka nikaogopa. Tulipeleka maharage na samli, tukapakia chumvi, sukari na majora ya kitambaa, tukageuza. Hassani aliimba njia nzima, na pale tulipovuka mito bila kukwama alinitazama akasema, "Bwana harusi." Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa nasikiliza springi.

Ilikatika kabla ya Babati. Tulilala chini ya gari tukaifunga kwa ngozi ya Mzee Ramadhani, tukangoja ikauke, na siku ya springi ikaisha hivyo, kihalali kabisa. Ile ya Mungu ilitukuta Dareda. Mvua ilishuka juu ya mlima na njia ikageuka mto mwekundu. Tulikaa chini tukiitazama. Sefu alikuwepo naye, akataka kujaribu, akajaribu, akarudi kinyumenyume mpaka mahali alipoanzia, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Jua lilipokausha, tulipanda pamoja, mimi nikisukuma lake na yeye akisukuma langu.

Nilifika Dongobesh asubuhi ya siku yenyewe. Mama Zuhura alikuwa mlangoni kwa duka. Nilianza kumweleza kwamba nitashusha mzigo kwanza, kisha kwa ruhusa yake nitaomba baiskeli.

"Baiskeli ya nini?" akasema. "Humo ndani kuna chumvi ya watu wa Maretadu. Ipeleke. Sijakuambia uende kuoa, nimekuambia upeleke chumvi." Nilipowasha injini alinifuata mpaka dirishani. "Na hiyo kofia uivue ukifika. Unafanana na mtu anayetafutwa."

Kutoka hapo hazikuwa maili nyingi, na zote nilizifurahia. Jua lilikuwa bado juu tulipoteremka kwenye kijito kinachotenga Maretadu na majirani zake. Ng'ambo yake niliona migongo ya nyumba, niliona mti wa kwa Mzee Tluway. Nikaona pia tawi bichi limelazwa njiani, na nyuma yake mzee amesimama na fimbo. Alikuwa Mzee Gwandu.

Nilisimamisha gari kabla ya maji, nikashuka, nikavua kofia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nchi imefungwa."

Wale wasiotoka kwetu niwaeleze. Mwaka ule viwavi walikuwa wameingia mahindi, na wazee walikaa wakaamua nchi isafishwe. Siku ya kusafisha, wazee huzungusha dume mweusi kwenye mipaka yote ya nchi, kwa miguu, kimya kimya, na mpaka wamalize hakuna anayelima, hakuna anayechota maji, hakuna anayetoka na hakuna anayeingia. Anayekatisha mpaka siku hiyo ameharibu kazi ya wote. Siku yenyewe wazee huitaja ikiwa imeshakaribia, na mtu aliye Arusha hana njia ya kuisikia. Wakati mmoja lori la mtu lilipita hapo hapo siku kama hiyo, likipiga kelele, na mvua ya mawe iliyokuja baadaye ilihesabiwa kuwa ya lori hilo. Sijui kama mawe yanajua magari. Ila najua mimi ni mtoto wa Daudi, na kwamba mama yangu angenivuta masikio kutoka alipo kama ningelowesha tairi moja tu katika maji yale.

Hassani hakuyajua hayo. Aliinama dirishani.

"Si leo ndiyo siku uliyotaja?"

"Ndiyo leo."

"Basi ingia. Tawi tu hilo."

"Hassani, shuka ukae kivulini."

"Kesho si siku yako. Umesahau springi? Umesahau Dareda? Tumekuja huko kote halafu tusimame hapa?"

Nilikuwa sijasahau chochote.  Nikiingia, nimefika siku niliyosema na nimewaharibia nchi wakwe zangu. Nikikaa, kesho nitakuwa mtu aliyefika siku nyingine, asalimie tu apite. Nikamgeukia Mzee Gwandu.

"Baba, nilisema nitafika leo. Nimefika. Utamwambia Mzee Tluway?"

"Tluway anazunguka na dume. Haongei na mtu mpaka jua lizame." Aliangalia gari, akaangalia maji. "Na mimi sijui umefika wapi. Ninaona umefika mtoni. Mtoni si Maretadu."

Nilirudi kwenye gari, nikazima injini. Palikuwa kimya kabisa, maana siku hiyo hata majembe hayalii. Kisha nikafikiria jambo, nikaweka mkono juu ya honi, nikaibonyeza kwa muda mrefu. Ilikuwa honi kubwa. Ng'ombe walijibu upande wa pili.

Mzee Gwandu aliinua fimbo. "Hicho ni nini?"

"Ni honi, baba. Haina miguu. Haijavuka."

Alifikiri. Niliona kwamba anafikiri kwa haki kabisa, akitafuta mahali ambapo wazee wa zamani walisema lolote kuhusu honi. "Ukiipiga tena nitakutoza mbuzi," akasema mwishowe.

Sikuhitaji kuipiga tena. Mteremkoni ng'ambo walitokea wanawake wawili. Mmoja alikuwa shangazi yake Paulina, aliyekaa chini ya kichaka na kusinzia mara moja, kwa makusudi nadhani. Mwingine alikuja mpaka karibu na maji, akakaa juu ya jiwe, upande wake. Mimi nikakaa juu ya jiwe, upande wangu. Mzee Gwandu alitutazama wote wawili. Kukaa hakukukatazwa.

"Umechelewa," Paulina akasema.

"Sijachelewa. Nimesimamishwa."

"Nilijua ni wewe. Gari lako linakohoa kabla ya kunyamaza."

Mpaka siku ile nadhani tulikuwa tumeongea maneno yasiyojaa kikombe, yote kuhusu magunia. Kwao binti hakai na kijana akaongea naye. Lakini kulikuwa na maji katikati, na shangazi, na Mzee Gwandu na fimbo yake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kusema, na tuliongea mchana wote. Aliniuliza Arusha ina watu wangapi ninaowajua. Aliniuliza kama nakoroma, na Hassani akajibu kutoka kivulini kabla yangu. Kisha akaacha kucheka.

"Ukinioa, kwa mwezi utakuwa nyumbani siku ngapi?"

Sefu angesema zote. Mimi nilihesabu moyoni, kiangazi na masika, Dareda na Katesh, nikamwambia ukweli, na ukweli haukuwa mwingi. "Mvua zikizidi, chache kuliko hizo," nikaongeza. "Na sitakuambia ninarudi Jumanne kama sijui."

Aliokota jani, akalitupa majini, akalitazama likienda. Nilidhani nimejiharibia kwa mdomo wangu mwenyewe, na iliniuma kuliko lile tawi.

"Chache ninaziweza," akasema. "Nisichoweza ni kukaa mlangoni kila siku. Mtoto wa baba mkubwa alikaa mlangoni mwaka mzima." Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, na Mzee Gwandu alikuwa karibu, na alisikia. Hakugeuka. Lakini fimbo aliyokuwa ameishika kifuani aliishusha chini, akaiegemea.

Jua lilipokaribia kuzama Paulina alimwamsha shangazi, wakapanda. Tulilala mimi na Hassani juu ya chumvi.

Asubuhi tawi lilikuwa limeondolewa. Wazee waliteremka kijitoni kama wanane, miguu yao myeupe kwa vumbi la kuzunguka mipaka, na mbele yao Mzee Tluway, macho mekundu kwa uchovu. Nilikuwa nimesimama kando ya lori, kofia mkononi.  Nilimwamkia, akaitikia. Alilitazama lori, akazitazama tairi zake, kavu, zimesimama pale pale zilipokuwa jana.

Kabla sijafungua mdomo alishaniacha, akamgeukia ndugu yake.

"Wewe ulikaa njiani. Huyu alifika lini?"

 Hassani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Mzee Gwandu alitazama maji yale ambayo jana yalikuwa si Maretadu. Alitafuna kitu, au alijifanya anatafuna. Nilimwona akinitazama, na sidhani kama alikuwa akiniona mimi. Nadhani alikuwa akimwona yule wa wiki ijayo.

"Alifika jana," akasema. "Alifika, akasimama."

Mzee Tluway hakucheka wala hakunipa mkono. Aliuliza tu mlango wa gari unafunguliwaje. Alikuwa hajapanda gari maisha yake yote. Nilimfungulia, akaketi mbele, akaweka fimbo katikati ya magoti. Mzee Gwandu alipandishwa nyuma juu ya chumvi, na wazee wengine wakamfuata. Tukavuka kijito.

Kutoka pale mpaka kwake haikuwa maili nzima. Ilitumalizia asubuhi yote. Paulina alitembea kwa miguu kando yetu, akachoka kutungoja, akatangulia. Mkwe wangu alinisimamisha kwenye kila nyumba, bila kuacha hata ile ya mtu aliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba, na nilikuwa naacha injini inanguruma kwa sababu hendeli ilikuwa na hasira siku hiyo. Kila mlango ulipofunguliwa alitoa kichwa dirishani, akanionyesha kwa fimbo, na kwa sauti ya kushinda injini akasema maneno yale yale.

"Huyu ni mkwe wangu. Alifika jana."